Kutoka Stensili ya Bunda

Vijana wanaotaka kuwa wachoraji wa vitabu huniuliza nilisomea wapi, na hutarajia jibu la neno moja. Mimi huwapa majina mawili, Bunda na Bagamoyo. Huandika la pili na kuliacha la kwanza, maana Bunda haikuwa na chuo cha sanaa. Siwalaumu. Mwaka 1975 Bunda ilikuwa mji mdogo kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, wenye pamba, mabasi ya vumbi, na ofisi ya elimu ya watu wazima iliyokuwa na mashine moja ya kurudufu. Lakini ni pale, katika madarasa ya ngumbaru yaliyokutana jioni chini ya miembe, nilipojua kwamba picha ya kitabuni husomwa, na kwamba anayeisoma ana haki ya kuikataa. Bagamoyo nilikwenda baadaye, kujifunza kuichora.

Nilizaliwa kijiji cha jirani na Butiama, miaka michache kabla ya uhuru. Nchi ile ni ya mawe makubwa, na mtoto mwenye kipande cha mkaa hakosi pa kuchorea. Niliyemchora zaidi ni Chakubanga. Gazeti la Uhuru lilifika kwetu likiwa limefungia sukari au chumvi, na mara nyingi ile katuni ya Christian Gregory ilikuwa imechanwa na mwenye duka, kichwa kikabaki dukani na miguu ikaja nyumbani. Nilimalizia mwenyewe kilichokosekana. Lilikuwa zoezi zuri kuliko kunakili picha nzima. Ukipewa kiwiliwili cha Chakubanga bila kichwa, inakubidi ujiulize alikuwa anacheka nini.

Mchoro wangu wa kwanza kutumiwa na watu haukuwa sanaa hata kidogo. Baba alikuwa na shauri la mpaka wa shamba la pamba, akaniagiza nilichore shamba lilivyo ili wazee walione pale barazani. Nikachora kijito, jiwe kubwa, mti wa mkuyu na njia ya ng'ombe. Mzee wa upande wa pili aliigeuzageuza ile karatasi mkononi, kisha akasema, "Mura, mkuyu huu umeuhamisha." Baba akajibu kwamba mkuyu hauhami. Wakaanzia hapo. Hakuna aliyesema neno juu ya ustadi wa mkono wangu. Walibishana juu ya mti mpaka jua likazama, wakiihoji karatasi badala ya kuhojiana wenyewe. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilipofika Mara, watu wakahamishwa na mipaka ile yote ikakosa maana. Sijui karatasi ile iliishia wapi, ila hamu ya kuwaona watu wazima wakibishana na mchoro wangu haikuniisha.

Sekondari nilisoma Musoma mjini. Somo la sanaa halikuwa kwenye ratiba yetu. Tulikuwa na mwalimu wa jiografia aliyependa ramani nadhifu, na kwa kuwa zangu zilikuwa nadhifu akawa ananipa penseli na habari. Ni yeye aliyenieleza kuhusu Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake, na kuhusu Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma huko, akaenda shule ya Slade jijini London, na nchi yetu ilipopata uhuru akatumwa kuwa balozi wetu Uingereza. Mchoraji kuwa balozi! Habari hiyo nilimpelekea baba kwa haraka kuliko matokeo yoyote ya mtihani.

Kwa sisi wa ziwani, Kampala ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Meli iliyotia nanga Musoma ilizunguka bandari za nchi tatu. Lakini Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimegawanywa tangu 1970, Idi Amin akatwaa nchi Januari 1971, na hadi zamu yangu inafika hapakuwa na mzazi wa Mara ambaye angempeleka mtoto Uganda kwenda kuchora.

Novemba 1974, nikiwa kidato cha nne, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini kwetu. Watu wengi wanalikumbuka Azimio la Musoma kwa yale ya chuo kikuu, kwamba mtu asitoke kidato cha sita akaingia moja kwa moja, bali aende kazini kwanza. Lililonihusu mimi lilikuwa lingine. Lengo la elimu ya msingi kwa wote, lililokuwa limepangwa kufikiwa 1989, lilisogezwa hadi 1977. Kuwaingiza watoto wote darasani kwa miaka mitatu kunataka walimu, na walimu wanataka chati, mabango na vitabu, na hivyo vyote vinataka mtu wa kuchora. Kampeni ya kisomo cha watu wazima nayo ilikuwa imepamba moto. Mara ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya ziwa, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambako kisomo chenye manufaa kilifanyiwa majaribio kuanzia 1968 kwa msaada wa UNESCO. Vitabu vyake vilimfundisha mtu kusoma kwa kumweleza mambo ya kazi yake: pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe. Nilipomaliza shule nikapata kibarua katika ofisi ya Bunda. Cheo changu kilibadilika kila alipobadilika mkubwa wa ofisi, lakini kazi ilibaki ileile, kukata stensili.

Kijana wa leo hajaiona stensili, kwa hiyo niieleze. Ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaiweka juu ya kioo kilichopitishiwa mwanga kwa chini. Sisi tuliiegemeza kwenye kioo cha dirisha. Unaikwaruza kwa kalamu ya chuma mpaka nta itoke na karatasi yenyewe ibaki. Ikifungwa kwenye mashine, wino hupita pale tu ulipokwaruza. Mistari miwili ikikaribiana mno, ukuta wa katikati hukatika na wino hufurika. Duara lililofungwa ni hatari, kwa sababu kipande cha ndani hudondoka na mahali pake panachapika doa jeusi, hivyo jicho la mtu liliachiwa upenyo mdogo ili lising'oke. Kivuli hakichoreki. Unywele mmojammoja hauchoreki. Ukitaka kuonyesha mzee mwenye mvi, lazima umwonyeshe mzee kwa mgongo wake na jinsi alivyoshika fimbo.

Kazi hiyo iliniondolea mapambo yote. Chuoni baadaye niliwakuta wenzangu wanahangaika kupunguza mistari, na mimi nahangaika kuiongeza.

Kijarida tulichorudufu kilikuwa na kurasa chache: bei ya pamba, habari za chanjo, mashairi ya wanakisomo wenyewe, hesabu ndogondogo. Kwa vitabu vikubwa tulitegemea vilivyotoka Mwanza na Dar es Salaam. Na hapo ndipo niliposikia somo langu la kwanza la uchoraji, likitolewa na watu waliokuwa bado wanashika penseli kwa ngumi.

Kitabu kimoja cha uvuvi kilikuwa na picha ya ngalawa. Ngalawa ile ilichorwa vizuri sana, na tanga lake, na matengo yake mawili yakielea ubavuni. Katika darasa moja upande wa Guta, ambako wavuvi ni wengi, mzee mmoja aliitazama, akampa mwenzake, mwenzake akampa wa tatu. Wakacheka. Hakuna chombo cha namna hiyo katika ziwa letu. Mitumbwi ya Musoma na Guta ni ya mbao zilizounganishwa, haina matengo, na wengine huijenga kwa mkuku unaochomoza mbele. Wazee wale hawakusema kwamba picha ni mbaya. Walisema kitabu hiki si chetu, kimepotea njia. Wakakifunga. Herufi zilizoandikwa chini ya picha, ambazo ndizo zilizokuwa somo la siku hiyo, zikafungwa pamoja nacho.

Baada ya hapo nikaanza kupeleka michoro yangu ya penseli darasani kabla ya kuikata kwenye stensili. Mwalimu wa kisomo alilalamika kwamba nawachelewesha. Kweli niliwachelewesha. Kina mama walikuwa wakali kuliko wote. Nilikuwa nimechora mkono unaodondosha mbegu za pamba shimoni, mkono peke yake, umekatizwa kwenye kifundo, kama nilivyoona vitabuni. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu aliyekatwa mkono ni nani?" Darasa likanyamaza, hawakuwa wanatania. Nikamchora mwanamke mzima ameinama, na mbegu zikaonekana vilevile. Mara nyingine ng'ombe. Vitabuni ng'ombe alikuwa na mgongo ulionyooka na kiwele cha kushangaza, wa kizungu kabisa. Ng'ombe wa Mara ana nundu, na mfugaji hamtambui asiye nayo. Atakuuliza ni wa nani na ni mgonjwa wa nini. Samaki nao. Mchoraji akiandikiwa "samaki" huchora samaki tu, lakini wanakisomo wa Guta walitaka kujua ni sato, ni ningu, ni furu au ni kamongo, kwa sababu kila mmoja ana wavu wake na bei yake. Nilijifunza samaki wa ziwa kwa mapezi. Furu niliowachora miaka ile wengi wao walipotea katika miaka ya 1980, sangara alipotawala maji, na michoro ile sasa huwatambulisha kwa watoto wasiowahi kuwala.

Nilianza kutuma michoro Mwanza, ambako ofisi ya kisomo ilitoa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Ilipochapwa mara ya kwanza nililinunua gazeti lile kwa pesa yangu ingawa ofisini lilikuja bure. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kisomo wa taifa zima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 67. Baada ya mtihani huo ilitangazwa kwamba wamebaki asilimia 39. Kuna wataalamu waliozitilia shaka hesabu hizo, na mimi niliyekuwapo naweza kusema tu kwamba wakulima wa pamba wa Bunda walianza kusoma wenyewe karatasi ya mizani. Baadhi ya makarani wa mizani hawakuipenda siku hiyo.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza 1981. Niliona tangazo gazetini, nikaomba, na mwaka uliofuata nikaitwa. Nilikuwa na umri mkubwa kidogo kuliko wenzangu, na nilikuwa na faili la michoro ya pamba, vyoo bora na samaki.

Zamani njia fupi ya kutoka Musoma kwenda Dar es Salaam ilikatiza Kenya, kwa Sirari, Nairobi na Namanga. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Kwa hiyo ilikuwa basi hadi Mwanza, kisha treni ya Tabora na Dodoma, zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Nilichora njia nzima. Abiria hawapendi kuchorwa wakiwa macho, lakini treni ya Mwanza ina usingizi wa kutosha.

Bagamoyo walitufundisha kwa utaratibu ambao sijausikia kwingine. Chuo kilikuwa na ngoma, maigizo, muziki na sanaa za ufundi pamoja, na aliyekuja kwa moja alilazimika kuonja nyingine. Mchoraji alicheza ngoma. Mcheza ngoma alishika brashi. Walipojua natoka Mara wakaniletea litungu nipige, nikasema sijui. Wakaniambia basi nicheze ile ya Wakurya ya kusimama juu ya viatu vya gogo, nikasema mimi si Mkurya. Kwa muda mrefu walidhani nawaficha.

Nilinung'unika sana juu ya asubuhi zile za kupiga magoti na kuruka sindimba. Leo nasema ndizo zilizonipa riziki. Mchoraji wa vitabu hachori sanamu zilizosimama. Anachora mtu aliye katikati ya tendo, anaelekea kuanguka, anageuka kuitika. Mwili wako ukishabeba uzito wa tendo hilo, mkono unajua pa kuuweka. Na mifano ya kuchora haikukosekana. Vyuo vingine humlipa mtu akae kitini atulie. Sisi tulikuwa na wachezaji na wanasarakasi waliokuwa wakifanya mazoezi uwanjani, hawatulii hata dakika, na mwalimu wetu alitukataza kuwaomba watulie. Alitaka tuchore kwa haraka, mstari wa uti wa mgongo kwanza, miguu inapokanyaga, halafu mengine yakipata nafasi. Karatasi nyingi zilitupwa. Niseme vizuri zaidi: ziligeuzwa upande wa pili, kwa sababu hakuna aliyetupa karatasi.

Ile ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni ilikuwa habari, sukari ilikuwa habari. Mwaka 1983 ulikuja msako wa wahujumu uchumi, maduka yakazidi kuwa matupu. Rangi za maji zilikuja kwa msaada, zikagawanywa kwa kijiko. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilikuwa hakijaanza. Tulichora nyuma ya kalenda za zamani, nyuma ya ramani, nyuma ya fomu za serikali. Wino ulipokwisha tulikusanya masizi ya koroboi tukayachanganya na gundi ya mti. Wino ule una weusi mzuri, ila hunuka mafuta ya taa na huvutia mende; michoro yangu kadhaa ya mwaka wa pili ina pembe zilizoliwa.

Jioni tulikwenda ufukweni, na huko nikaziona ngalawa. Zilikuwa zimeinamishwa mchangani, matengo yake yale yale, tanga lile lile. Nilizitazama kwa kero kidogo. Basi yule mchoraji wa kitabu cha uvuvi hakuwa mvivu wala mjinga. Alichora maji ya kwao. Alikuwa amechora kwa uaminifu mkubwa, kisha kitabu kikapandishwa treni kupelekwa kwa watu wa maji mengine.

Suala hilo lilinikaa kichwani kuliko somo lolote. Nchi yetu ilikuwa na mtaala mmoja, na mara nyingi kitabu kimoja kwa kila somo, kuanzia Mtwara hadi Tarime. Utachora chombo gani? Wengine walishauri tuchore kisicho cha mahali popote, boti la jumla, nyumba ya jumla, mama wa jumla mwenye khanga isiyo na maandishi. Vitabu vingi vya shule vikachorwa hivyo, na vinachosha hadi leo. Msimamo wangu ni kinyume. Chora mahali pamoja kwa ukweli wote, na pataje. Mtoto wa Bagamoyo akiona mtumbwi wa Musoma na jina la Musoma chini yake, amejifunza jambo. Kilichowafanya wazee wa Guta wakifunge kitabu ni kwamba kiliwaambia hivi ndivyo chombo chenu kilivyo.

Kuna mambo ambayo chuo hakikutufundisha, na si chuo hicho tu; sidhani kama kulikuwa na darasa la kazi hiyo popote nchini. Tulifundishwa kuchora picha ya kutundikwa. Hatukufundishwa kwamba kitabu hukunjwa kutoka karatasi kubwa, na ndiyo maana kurasa zake huwa 16, 24 au 32, na hadithi hugawanywa kufuata hesabu hiyo. Hatukufundishwa kuchora picha kubwa kuliko itakavyochapwa ili ikipunguzwa makosa ya mkono yapungue nayo. Wala kutenganisha rangi kwa kuchora kila rangi kwenye karatasi yake angavu, juu ya nyingine, kwa alama za kulinganishia pembeni. Hayo niliyaokota wakati wa likizo katika kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam, nikifagia na kuangalia. Mafundi wa kamera na sahani walikuwa walimu wakali. Walijua kwa kutazama tu mstari upi utapotea mashineni, na hawakujali kabisa kama ulikuwa mzuri.

Nilimaliza 1985. Novemba mwaka huo Mwalimu Nyerere aling'atuka akarudi kuishi Butiama, nasi kijijini tukapata utani wa kutosha: wamerudi wawili, mmoja ana nchi nzima nyuma yake na mwingine ana brashi. Watu walidhani nitaajiriwa Mutex, kiwanda cha nguo cha Musoma, kubuni michoro ya nguo. Sikupata nafasi. Nikaandika majina ya maduka Nyasho, majina ya mitumbwi Makoko, tahadhari za mbwa, na bei za soda. Nisidharau kazi hiyo. Herufi za brashi zinafundisha nafasi kati ya kitu na kitu kuliko kitabu chochote. Lakini kwa uchoraji wa vitabu ilikuwa miaka mikavu. Wachapishaji walikuwa wachache, karatasi ghali, vitabu vya hadithi vya watoto karibu havikuwapo.

Mambo yalibadilika 1991, ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto. Ujanja wake ulikuwa rahisi: mchapishaji aliyetoa kitabu kizuri cha Kiswahili alihakikishiwa kwamba sehemu kubwa ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shule za msingi. Aliyekuwa anaogopa hasara akathubutu, na aliyethubutu akahitaji mchoraji. Ziliandaliwa pia warsha, waandishi na wachoraji wakakaa meza moja. Huko ndiko nilikomsikia mtu akisema hadharani kile nilichokifikia kwa stensili, kwamba picha isirudie yaliyosemwa na maneno. Kama mwandishi ameandika "Mama alikasirika", usichore mama mwenye ndita. Chora watoto wanavyoshuka kitandani polepole.

Miaka hiyohiyo mashirika yalileta kazi nyingine, mabango na vijitabu vya UKIMWI, na Mara hasa, vya kupinga ukeketaji. Kazi hiyo ya pili ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana ilimkinga binti aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haisemi uchore nini. Ukichora wembe, wazee wanaondoka kikaoni na kina mama wanainamisha nyuso. Ukichora mangariba kama wachawi, umemtukana bibi wa kila aliye mbele yako. Nilikwenda kukaa na kina mama kama zamani Bunda, na penseli. Mmoja wao aliniambia nichore mwezi Desemba, ambao kwetu ndio msimu wa ukeketaji. Nikamchora msichana aliyefunga mkoba wa shule, likizo imeanza, anasimama njiapanda na hataki kwenda nyumbani. Hapakuwa na damu. Kila aliyeliona bango lile katika mkoa wetu alijua ni Desemba.

Juu ya malipo nitasema kidogo, ingawa ningeweza kusema mengi. Mchapishaji mmoja alinilipa kwa mkupuo, akanisainisha karatasi ya mistari mitatu, kisha akakichapa kitabu tena na tena bila kunijulisha. Jalada lilikuwa na jina la mwandishi, la mchapishaji na la kiwanda. Jina langu halikuwapo. Nilipouliza nikaambiwa kwamba picha ni sehemu ya gharama za uchapaji, kama gundi. Wakati ule sikujua la kujibu. Mwaka 1999 ikatungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo inautambua mchoro kuwa kazi yenye mwenyewe, na chini yake ikaundwa COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo. Sheria hiyo ipo hadi leo, na wachoraji wengi ninaowajua hawajawahi kuisoma.

Mwaka huohuo wa 1999 ilifunguliwa Makumbusho ya Mwalimu pale Butiama, na Oktoba tukamzika Mwalimu mwenyewe. Watoto wa jirani wanaokuja kwangu kujifunza huwa nawapeleka humo na madaftari yao. Miongoni mwa zawadi alizopewa kuna picha na vinyago vya kila namna, na wachoraji wengi wamejaribu sura yake. Nawaambia watafute ni yupi aliyemchora mtu aliyemwona na yupi aliyemchora kutoka kwenye noti. Huwa hawakosei.

Chuo cha Bagamoyo tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na vijana wanachora kwenye skrini zenye rangi nyingi kuliko tulizogawiwa kwa kijiko. Mstari ukikosewa unafutika. Nawaonea wivu, sifichi. Ninachowaomba wanaojiandaa kwenda huko ni vitu viwili. Kabla ya kupeleka faili lako kwa watahini, peleka michoro yako kwa watu waliomo ndani yake: mvuvi wa Makoko aangalie mtumbwi wako, mama wa Nyamuswa aangalie jembe lako, na wewe unyamaze waseme. Na ukishaipata kazi, usome mkataba wote kabla ya kusaini. Kama humo hamna neno mrabaha, na hamna mahali jina lako litakapokaa kwenye jalada, mrudishie mchapishaji karatasi yake na umwambie aandike upya.